Mtu Asiyehisi Maji

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida, kigumu, cha mbao. Mtu ambaye hajapitia niliyoyapitia hataona uzito wa sentensi hiyo, na namwombea asije akauona. Lakini kama unasoma ukiwa umekalia mto wenye tundu katikati, na kando yako kuna bahasha za mawakili ambazo huna nguvu ya kuzifungua, basi wewe ndiye niliyekukusudia.

Sitaeleza uti wa mgongo umeumbwaje. Vitabu vipo, na mimi mwenyewe nimevisoma vingi maktabani, kamusi mkononi, kwa sababu shule niliiachia kidato cha pili kule Tanga na tangu hapo karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, Kiingereza kikiwemo. Itoshe kusema kwamba diski ya mgongo wangu ilichomoka ikabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni, kwenye kibofu na sehemu za siri. Mishipa hiyo ikibanwa haikupi muda wa kufikiri. Mengine nitakayoyasema vitabu havikuniambia.

Ilianza majira ya baridi. Nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala moja huku Smithfield, Sydney, Australia, na mgongo ulikuwa ukiniuma tangu mwanzo wa wiki. Ijumaa alfajiri niliingia chooni kuchamba kabla ya kutawadha. Maji ya bomba wakati ule wa mwaka huchoma kwa ubaridi. Nilimwaga, sikusikia kitu. Nikamwaga tena. Niliyaona maji yakiteremka, niliusikia mkono wangu ukipoa, lakini kule yalikopita palikuwa kama mwili wa mtu mwingine.

Sikumwamsha mke wangu. Sikupiga namba ya dharura. Nilimpigia Ustadh Nassoro, anayetusomesha darsa kila Ijumaa baada ya Magharibi katika ukumbi tunaoukodi karibu na Villawood, nikamuuliza: mtu asiyehisi maji anapochamba atajuaje kuwa ametoharika, na swala yake ikoje?

Niliuliza habari ya swala kwa sababu maneno yake nilikuwa nayo. Tumefundishwa tangu utotoni, ni maneno safi, unaweza kumwambia mwalimu wako bila kuinamisha uso. Maneno ya kumwambia daktari sikuwa nayo, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

"Tumia macho na mkono," Ustadh alisema. "Mwaga mpaka moyo utulie. Swala yako ni sahihi. Lakini, Mbaruku, hili si jambo la fiqhi peke yake. Nenda hospitali leo."

"Leo nina zamu, Ustadh."

"Leo, nimekwambia."

Nilimaliza zamu, kisha nikaenda. Aliyenipeleka ni Feisal, mume wa binti yangu Rukia, mtu wa Mombasa mwenye adabu ya kupitiliza, ambaye mpaka siku ile hakuwahi kukaa mbele yangu akiwa amekunja nne. Mke wangu, Mwanahamisi, alikwenda darsani kama kawaida yake. Alijua naumwa mgongo, basi.

Katika chumba cha kungojea, viti vilikuwa vimeshikanishwa kwa chuma, ukijigeuza unamtikisa jirani. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Kivietinamu. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alimenya chenza, akaigawa, akaniwekea nusu kwenye kiganja bila kunitazama. Hospitalini ile jioni hakuna kingine nilichopewa kilichonifaa.

Daktari alikuwa na haraka. Aliuliza, Feisal akatafsiri. Mgongo, ndiyo. Miguu, mmoja mzito. Kisha daktari akauliza swali refu, na Feisal akayahamishia macho yake kwenye pazia.

"Baba, anauliza... kule msalani, mambo yako salama?"

"Salama," nilijibu.

Hilo nalisema kama taarifa. Mtu wa kwetu hamwambii mume wa bintiye habari za uchi wake, na mkwe naye haulizi zaidi ya pale. Sote wawili tulifanya tulivyolelewa. Hakuna aliyetuambia kwamba ningeweza kuomba mkalimani wa hospitali, kwa simu, bila malipo. Lau ningejua, ningeomba. Wewe sasa umejua.

Baadaye Feisal alitoka kwenda kuhamisha gari, muda wa kuegesha ulikuwa umekwisha. Muuguzi akaja kunipima presha. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Kwa Kiingereza changu cha ghalani nikamwambia kwamba nikijiosha chini sisikii maji. Akasema atamwambia daktari. Kama alimwambia sijui. Halikuandikwa, na daktari hakunigusa. Nilirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Wiki haikuwa imeanza vizuri miguu ikaniishia bafuni, nikaanguka. Safari hii gari la wagonjwa lilinipeleka hospitali nyingine, nikapasuliwa mara moja. Daktari aliyenipasua aliniambia asubuhi yake, akiwa amekaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi kama habari ni njema: mishipa ilikuwa imebanwa muda mrefu mno.

Majira ya kuchipua yalinikuta kwenye hospitali ya mazoezi. Huko nilijifunza mwili mpya. Unyayo wangu wa kulia uliburuta mpaka nikapewa kifaa cha plastiki cha kuushikilia ndani ya kiatu. Shavu la mguu ule lilikonda likawa kama la mtoto. Nilifundishwa kujitia mpira wa mkojo mwenyewe, kwa saa maalumu, sawasawa na mtu anayeangalia mashine. Muuguzi aliyenifundisha alikuwa Mkenya, dada mmoja mcheshi, na siku ya kwanza niliyofanikiwa peke yangu alipiga makofi. "Mzee, umeiva! Sasa hata ndege utapanda." Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikaona fahari. Siionei aibu fahari hiyo. Kila aliyejifunza jambo hilo akiwa na nywele za mvi anastahili makofi yake.

Mtaalamu wa masuala ya familia pale hospitalini ndiye aliyenishauri nionane na wakili. Nikampata Bi. Noreen, mwanamama mwembamba anayezungumza taratibu, na yeye akanieleza jambo ambalo nataka ulielewe kabla ya mengine yote.

Katika jimbo letu madai dhidi ya hospitali hayasimami kwa machozi ya mgonjwa. Lazima daktari mwingine, bingwa wa fani inayohusika, aandike ripoti akisema kwamba kilichofanyika kilikuwa chini ya kiwango, na kwamba hicho ndicho kilicholeta madhara. Ripoti hiyo ina tarehe ya kukabidhiwa. Tarehe ikipita, madai yanaweza kufutwa hata kama kila neno lako ni kweli. Nilikwenda maktabani nikazisoma kanuni zenyewe, polepole, na nilipomrudia Bi. Noreen na maswali yangu alivua miwani akanijibu moja moja. Nilijifunza kwamba bingwa haandiki anavyokuonea huruma. Anaandika mambo aliyopewa kuwa ni kweli, aliyoyaona kwa macho yake, na anayoyahitimisha kutokana na hayo mawili. La kwanza likilegea, yote yanalegea.

Bingwa wetu wa kwanza alijitoa, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi na watu wa hospitali ile. Jaji akatuongezea muda hadi siku za mwisho za mahakama kabla ya likizo ya Krismasi. Alisema waziwazi kwamba hataongeza tena. Bi. Noreen akampata bingwa wa pili, mzee wa Adelaide anayekuja Sydney mara chache, na miaka miwili baada ya kuugua kwangu, mijakaranda ikianza kutoa maua, nikaitwa kwake.

Alinipima kwa pamba na pini. "Fumba macho. Sema ukisikia." Mkalimani, safari hii mwanamume wa makamo niliyemwomba mwenyewe kwa maandishi, alisimama akiwa amegeukia ukutani. Nilisema nilipokisikia kitu, na nikakaa kimya kirefu nisipokisikia, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko pini. Lakini siku ile nilijibu maswali yote kwa majina yake, hakuna "msalani" wala "kule chini". Nilitoka nimelowa jasho na nimenyooka.

Baada ya siku chache Bi. Noreen akapiga simu. Bingwa alikuwa tayari kuandika, ila kulikuwa na kikwazo. Hospitali ilisema ganzi ilianza baada ya mimi kurudi nyumbani. Karatasi zao ziliandika kwamba nilikana. Kwangu kulikuwa na neno langu tu.

"Bwana Mbaruku," alisema, "kuna mtu yeyote aliyejua siku ile ile, kabla hujamwona daktari, kwamba huhisi? Mke wako?"

"Mke wangu hakujua."

Nilikata simu nikamfuata Mwanahamisi jikoni. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Tangu nitoke hospitali tulikuwa tunaishi kwa upole mwingi na maneno machache. Yeye akinioshea kifaa changu cha mguu, mimi nikishukuru, na kila mmoja akilala upande wake. Nikamwambia bingwa anataka mtu aliyejua.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo mmoja. Ustadh."

"Ustadh alijuaje?"

"Nilimuuliza asubuhi ile, habari ya udhu."

Vidole vyake vilisimama kwenye mchele.

"Mtu asiyehisi maji," alisema.

Nikashtuka. "Nani kakwambia?"

"Alitusomesha jioni ile ile! Alisema, mtu mmoja ameniuliza. Kama anavyosema siku zote, mtu mmoja, mtu mmoja. Na mimi nimekaa pale nyuma ya pazia namwambia Zuhura kando yangu, masikini mkewe mtu huyo, sijui kama anajua." Aliweka ungo chini. "Kumbe namhurumia nani? Najihurumia mwenyewe!"

"Mama Rukia..."

"Niache kwanza."

Nikamwacha. Mchele ulibaki kwenye ungo mpaka Rukia alipokuja jioni akaumalizia, akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kuna nini, asijibiwe kwa lugha yoyote.

Nilikwenda kwa Ustadh. Alikubali mara moja, lakini kwa namna yake. "Swali nalikumbuka. Sauti yako naikumbuka, ilikuwa ya mtu anayejikaza. Ila siku, Mbaruku, siwezi kuiapia. Naulizwa mambo mengi, na simu ile nilishaibadilisha. Wakiniambia niape kwamba ilikuwa Ijumaa ile na si nyingine, nitanyamaza."

"Simu yangu inaonyesha nilikupigia."

"Wewe hunipigia kila wiki! Inaonyesha tulisema nini?"

Haikuonyesha. Nilimheshimu kwa jibu lile. Kulikuwa na njia moja iliyobaki. Darsa ile ilisikiwa na watu wengi. Kama wangekumbuka ilikuwa jioni gani, neno la Ustadh lingepata siku yake. Lakini ili kuwauliza ningepaswa kusema kwa nini nauliza, ukumbini, mbele ya wanaume ninaoswali nao bega kwa bega, na wanawake wote upande wa pili.

Nililiahirisha. Mijakaranda ikamwaga maua barabara nzima ikawa zambarau, na Bi. Noreen akapiga simu tena, sauti yake ikiwa taratibu zaidi, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Asubuhi ya Ijumaa Mwanahamisi alikuja akasimama mlangoni mwa chumba.

"Kukasirika nimekasirika," alisema. "Na nitaendelea. Lakini hiyo ripoti haitangoja mpaka nimalize. Utakwenda kuwauliza wewe au niende mimi?"

"Nitakwenda."

"Vaa kanzu nyeupe basi. Usiende na ile ya mgonjwa."

Baada ya darsa nilimwomba Ustadh ruhusa. Nilisimama na fimbo yangu.

"Jamaa zangu," nilisema, "mwaka juzi wakati wa baridi Ustadh alisomesha hapa mas'ala ya mtu asiyehisi maji anapochamba. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa naumwa, na usiku ule hospitali haikuniamini. Nataka kujua nani anakumbuka ilikuwa siku gani."

Mzee Shomari, mpishi mstaafu, akainuka polepole kutoka safu ya mbele akanigeukia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee."

"Wallahi ni wewe?" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Miaka yote hii mnaniangalia mimi! Kila nikichelewa kutoka chooni mnaangaliana!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia: "Tusamehe, Mzee Shomari, huku kwetu tulishakata shauri kwamba ni wewe."

"Mlikata shauri! Mimi naletewa habbasoda kila Ijumaa, nasema watu hawa wananipenda, kumbe mnanitibu!"

Hata Ustadh alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Na mimi, niliyekuwa nimeogopa dakika ile kuliko kisu cha daktari, nilijikuta nacheka nimeegemea fimbo. Kisha sauti nyingine nikaitambua, ya Zuhura, rafiki wa mke wangu.

"Siku naijua mimi. Ilikuwa akika ya mwanangu. Tulichukua ukumbi saa za ziada, risiti ina jina la mume wangu. Ustadh alisomesha kabla ya chakula, pilau inapoa, nikasema moyoni, huyu asiyehisi maji si angengoja wiki ijayo?"

"Kweli!" wanaume wakaitikia. "Pilau ya akika!" Mmoja alikumbuka kwamba mimi sikuwepo, sahani yangu ilifungwa akapewa mke wangu aniletee. Niliila kesho yake, nimelala chali.

"Basi niandikeni mimi wa kwanza," ilisema sauti nyuma ya pazia, na ukumbi ukatulia kwa sababu wote waliijua. "Mimi mkewe nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu, na nitaapa."

Nimepata vyeti vichache maishani, vyote vya kazini. Hakuna nilichopewa kilichonikaa kifuani kama sauti ile.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa Bi. Noreen: Ustadh, Zuhura na risiti yake, Mwanahamisi, na Mzee Shomari ambaye hakuhitajika lakini alisema ana haki ya kusafisha jina lake. Feisal naye alitakiwa kueleza swali la daktari na jinsi alivyolitafsiri. Alinijia kwanza, amesimama.

"Baba, nikiandika itabidi niandike na yale... yaliyo yako."

"Yaandike. Na ukae, Feisal. Kaa."

Akakaa. Baada ya muda akakunja nne.

Kabla ripoti haijafika, nilikaa siku kadhaa kama mtu anayengoja matokeo ya kipimo. Chumba cha kungojea kilikuwa sebule yangu mwenyewe. Joto lilikuwa limeingia, feni inazunguka, Mwanahamisi anaingia na kutoka akisingizia kutafuta kitu. Siku ya mwisho yenyewe, alasiri, Bi. Noreen akapiga. Ripoti imefika, imekabidhiwa, saa za ofisi zikiwa bado.

Nilimwomba nakala nikaisoma yote, kamusi kando, ingawa sikuihitaji sana. Bingwa aliandika kwamba ganzi ilikuwepo nilipokuwa mbele ya daktari, kwamba kugusa kwa pamba kungeionyesha, na kwamba kunipasua jioni ile au kesho yake kungeokoa sehemu kubwa ya nilichopoteza. Miongoni mwa mambo aliyoyategemea alitaja maelezo ya mwalimu wa dini na ya washiriki wa darsa. Niliisoma sehemu hiyo mara nyingi. Bingwa wa Adelaide ambaye hajui pilau ya akika ni nini alikuwa ameijenga hoja yake juu yake, na ilisimama.

Hospitali ilikubali kosa kabla shauri halijasikilizwa. Yaliyokubaliwa nimefungwa kutoyasema, na wala si hayo yaliyonifanya niandike. Mguu bado unaburuta nikichoka. Mpira wa mkojo natumia bado. Upande wa kushoto ubaridi wa maji umerudi kidogo. Mwanahamisi alimaliza kukasirika wakati wa Ramadhani, au aliniambia hivyo.

Tangu hapo watu hunipigia. Wengine siwajui kabisa, wamepewa namba na Ustadh kwa idhini yangu: Wakongo, Warundi, Wakenya, na mara moja mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kensington aliyezunguka robo saa kabla ya kusema anachotaka. Nawaambia kuhusu mkalimani, kuhusu kutaja viungo kwa majina yake, na kuhusu tarehe ya ripoti. Majuzi jioni alipiga mzee mmoja, ananong'ona, nyuma yake nikisikia majina yakiitwa.

"Samahani, ndugu yangu. Wewe ndiye yule mtu wa maji?"

"Ndiye mimi," nilisema. "Uko wapi?"

"Hospitali, nangoja. Mgongo. Na mimi siyasikii, tangu jana."

"Uko na nani?"

"Na mkwe wangu, kanileta."

"Mwambie akahamishe gari," nilimwambia. "Kisha mwite muuguzi, omba mkalimani, na simu usiikate. Niko hapa."